Kwa nini tunakuuliza maswali mengi kabla ya kukupa dawa

Wateja wetu wengi hufika dirishani wakiwa na haraka, na tunawaelewa. Kichwa kinakugonga tangu asubuhi, bodaboda inakusubiri nje, unachotaka ni vidonge vyako uondoke. Halafu mfamasia anaanza: kuna dawa nyingine unatumia? Umekula? Una presha au kisukari? Una ujauzito, unanyonyesha? Umewahi kuambiwa ini au figo zina shida? Wapo wanaoona tunawachelewesha, na wapo wanaokereka kabisa wakidhani tunawapeleleza. Leo tunaeleza maswali hayo yanatoka wapi. Yanatokana na njia ambayo dawa hupita mwilini, na njia hiyo haifanani kwa kila mtu.

Tuanze na jambo ambalo wengi hawaambiwi: dawa haijui unaumwa wapi. Parasetamoli uliyoinywa kwa ajili ya kichwa inaingia kwenye damu, na damu inaisambaza hadi kwenye vidole vya miguu. Kabla ya hapo lazima itoke tumboni na kushuka kwenye utumbo mwembamba, kwa sababu huko ndiko sehemu kubwa ya dawa hunyonywa. Ukiinywa umeshiba ugali na nyama, chakula kinakaa tumboni na kidonge kinakaa nacho, hivyo nafuu inachelewa. Dawa haijashindwa kazi. Tunaomba sana usiongeze vidonge vingine viwili kwa sababu nusu saa imepita na bado unaumwa.

Swali la "umekula?" lina uzito zaidi kwa dawa ya mseto ya malaria, ile yenye artemeta na lumefantrini. Lumefantrini haiyeyuki vizuri kwenye maji, inahitaji mafuta. Watu wazima wenye afya walipoinywa pamoja na mlo wenye mafuta mengi, kiasi kilichoingia kwenye damu kiliongezeka takriban mara 16 kuliko walipoinywa tumbo likiwa tupu. Tofauti hiyo inaweza kuamua kama vimelea vitaisha au vitarudi baada ya wiki mbili tatu. Mgonjwa wa malaria hana hamu ya kula, tunajua, lakini kikombe cha maziwa, uji wenye karanga au chapati kipande kinasaidia. Akitapika ndani ya saa moja, dozi ile irudiwe, na uje tukuongezee vidonge ili dozi isipungue mwishoni.

Sasa maziwa hayo hayo ni adui wa sipro, antibayotiki ambayo wengi wanaijua kwa UTI. Kalsiamu ya kwenye maziwa inashikana na dawa tumboni, na kilichoshikana hakinyonyeki vizuri, kinatoka na choo. Vidonge vya kuongeza damu na dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo mjamzito anayetumia vidonge vya madini ya chuma, au mtu mwenye vidonda vya tumbo, tunamuuliza kwanza, kisha tunampangia saa za kuachanisha dawa hizo.

Dawa ikishanyonywa haiendi moja kwa moja mwilini kote. Damu inayotoka kwenye utumbo hupitia kwanza kwenye ini, na ini huanza kuichambua dawa pale pale. Kuna dawa ambazo sehemu kubwa huishia hapo kabla hazijafanya kazi yoyote. Ndiyo maana nitrogliserini, dawa ya maumivu ya kifua ya wagonjwa wa moyo, huwekwa chini ya ulimi: mishipa ya mdomoni inaichukua bila kupitia kwenye ini kwanza. Kama mzee wako wa nyumbani anaimeza na maji, tafadhali mwambie asiimeze.

Kuhusu ini tunataka kukaa kidogo kwenye parasetamoli, kwa sababu ndiyo dawa inayouzwa sana na ndiyo inayodharauliwa sana. Kwa dozi ya kawaida, ini huifunga sehemu kubwa ya dawa hiyo na kuifanya iwe rahisi kutoka kwenye mkojo. Sehemu ndogo hugeuka kuwa sumu. Hiyo nayo haina madhara, maana ini lina akiba ya kitu kiitwacho glutathioni ambacho huizima sumu hiyo mara inapozaliwa. Shida inakuja dozi inapozidi. Njia ya kawaida inaelemewa, sumu inazalishwa kwa wingi, akiba inaisha, na sumu inaanza kuua chembe hai za ini lenyewe. Mtu asiyekula vizuri akiba yake ni ndogo tangu mwanzo. Mnywaji wa pombe wa kila siku ana balaa mara mbili: akiba ni ndogo, na ini lake limezoea kuzalisha sumu hiyo kwa wingi zaidi.

Kwa mtu mzima, mwisho ni vidonge 8 vya miligramu 500 ndani ya saa 24, yaani viwili viwili, kukiwa na angalau saa 4 katikati, na ni bora ziwe 6. Mwenye uzito chini ya kilo 50 anahitaji pungufu ya hapo. Watu wanavuka mstari huu bila kujua. Mtu ana mafua na homa: ananunua parasetamoli duka hili, dawa ya mafua duka lile, jirani anampa vidonge vya mgongo. Majina matatu tofauti, rangi tofauti, lakini geuza maboksi usome maandishi madogo utakuta parasetamoli kwenye yote matatu. Ndiyo maana ukiomba dawa ya mafua tunakuuliza umeshameza nini tangu asubuhi.

Na ikitokea mtu amezidisha, awe mtoto aliyekuta chupa ya dawa ya maji au mtu mzima, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo hata kama anacheka na kula vizuri. Siku ya kwanza mgonjwa anaweza kuonekana hana kitu, au ana kichefuchefu tu, wakati ini linaharibika. Dawa ya kuizuia sumu hiyo, asetilisisteini, hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8. Beba na boksi ulilolikuta.

Ini lina tabia nyingine: linaweza kuamshwa na dawa moja likaanza kuzichambua nyingine kwa kasi. Rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, ni hodari kwa hilo. Inaongeza vimeng'enya vya ini kiasi kwamba vidonge vya uzazi wa mpango na vipandikizi vya mkononi vinachambuliwa haraka na haviaminiki tena. Dada anayetumia dawa za TB kwa miezi sita anaweza kushika mimba huku anameza kidonge chake kila siku bila kukosa, na nyumbani kukazuka maneno ambayo hayakumstahili. Hali hiyo haiishi siku anayomaliza dozi, inaendelea kwa takriban wiki nne. Kitanzi, sindano ya miezi mitatu au kondomu havisumbuliwi na rifampisini. Swali letu la uzazi wa mpango tunaliuliza kwa sauti ya chini, na ukitaka faragha kipo chumba cha ndani. (Mkojo kuwa wa rangi ya chungwa ni dawa hiyo hiyo inatoka, si damu. Usiache dozi kwa ajili hiyo.)

Kinachobaki baada ya ini kumaliza kazi yake, sehemu kubwa hutolewa na figo. Figo za mtu mzima mwenye afya huchuja takriban lita 180 kwa siku, na karibu zote hurudishwa kwenye damu. Tunachokojoa ni lita moja au mbili. Metfomini ya kisukari haichambuliwi na ini kabisa, inatoka kwenye figo kama ilivyoingia, kwa hiyo figo zikichoka inajikusanya. Uwezo wa figo hupungua na umri, na mtu hahisi chochote. Dozi iliyomfaa baba akiwa na miaka 45 inaweza kumzidi akiwa na 75.

Hapa ndipo tunapogombana na wateja wetu wazee, kwa heshima zote. Mzee anakuja: "Shikamoo" imeitikiwa, habari za nyumbani zimekwisha, anaomba diklofenaki za magoti. Ana presha, anatumia losartani na dawa ya kupunguza maji. Diklofenaki, sawa na ibuprofeni, huzuia kemikali zinazoweka wazi mishipa ya kuingiza damu kwenye figo. Losartani inapunguza msukumo ndani ya figo, na dawa ya kupunguza maji inakausha mwili. Zikikutana zote tatu, figo zinaweza kufeli ndani ya siku chache, hasa akiwa anaharisha au joto limemkausha. Akikataliwa anasema, "Mbona nilipewa mwaka jana?" Jibu letu, mzee wetu, ni kwamba tuko tayari kukupa dawa ya kupaka au parasetamoli, na kukuandikia barua ya kwenda kupima kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Diklofenaki hatutakupa hata ukiongeza bei.

Kwa wajawazito, dawa nyingi huvuka kondo la nyuma. Dawa za jamii hiyo ya diklofenaki na ibuprofeni ziepukwe kuanzia wiki ya 20, isipokuwa daktari ameamua. Kwa mtoto tunataka kilo zake za leo, si umri peke yake.

Jambo la mwisho ni maandishi ya kwenye bahasha. Tukiandika 1×3 maana yake ni kila baada ya saa 8, kwa sababu ini na figo haziachi kuitoa dawa unapolala. Wengi wanameza saa 2 asubuhi, saa 7 mchana na saa 1 usiku, kisha mwili unakaa saa 13 bila dozi nyingine. Kwa antibayotiki, muda huo unawapa bakteria nafasi ya kupumua. Saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku ni ratiba rahisi. Siku hizi tunaandika saa zenyewe kwenye bahasha, na usiposoma vizuri tunachora jua na mwezi.

Kila siku ya kazi, kuanzia saa 8 mchana hadi saa 11 jioni, mfamasia wetu anapitia dawa za mteja bila malipo, hata kama hukuzinunua kwetu. Weka zote kwenye mfuko mmoja: za hospitali, za maji, mitishamba, vidonge vya nguvu na vile ulivyoachiwa na ndugu. Ukiweza, beba na majibu ya vipimo vya ini na figo. Kwa mgonjwa asiyeweza kutembea, anayemhudumia aje na mfuko huo, na awe anajua mgonjwa anameza nini saa ngapi.