Barua kwa mliokulia nyuma ya kaunta: ulizeni mapema kipi ni cha nani

Wanangu, nyie mliosomea juu ya maboksi ya stoki, mkajua kurudisha chenji kabla hata hamjajua kuandika vizuri, leo naandika kwenu. Mimi mama yenu nimezaliwa kwenye nyumba ya biashara, nimelea watoto kwa biashara, na saizi nina wajukuu wanaoshinda kwenye biashara. Miaka yote hiyo nimeona familia nyingi zinapata hasara na zinasimama tena, lakini zile zilizovunjika moja kwa moja, nyingi zilivunjika kwa sababu hakuna aliyewahi kusema kipi ni cha nani.

Watu wa nje wanawaambia mmezaliwa kwenye hela. Wanaona droo inafunguliwa na kufungwa kutwa nzima, noti zinaingia, wanadhani zote mnalala nazo. Na nyie mkiwa wadogo mnaamini hivyo hivyo, hela iko pale, duka la baba, ya baba ni yangu, nikichukua kidogo nani atajua. Hapo ndo mtaji unaanza kuliwa, na mtaji ukiliwa haupigi kelele wanangu, rafu zinabaki zimejaa vitu visivyotoka, wateja bado wanakuja, mnashtuka tu siku ya kufuata mzigo hela hamna.

Mama yangu hakuwa na shule kubwa ila hesabu yake ya jioni mpaka leo sijaona iliyoizidi. Alikuwa anamwaga droo yote mezani, anapanga noti zote ziangalie upande mmoja, halafu anaanza kutenga: hii ya saplaya, hii ya kodi ya fremu, hii mshahara wa kijana anayetusaidia, hii ya kurudi kuchukua mzigo. Kinachobaki, na kilikuwa kidogo sana ukilinganisha na ile rundo ya mwanzo, anaweka kwenye pochi yake. Nikitaka hela ya daftari nanyoosha kidole kwenye rundo kubwa, ananiambia "hizo za watu", anafungua pochi. Hata sabuni, akitoa rafuni kwa ajili ya nyumbani alikuwa anaiandika na kuilipia kwenye droo ya duka lake mwenyewe! Sisi watoto tulikuwa tunaona ni ubahili, ila ukubwani nikaelewa kwamba kama asingeandika ile sabuni asingejua kabisa kama duka linatulisha au sisi ndo tunalila duka.

Na hili jambo mahakama zililisema zamani sana. Kule London mwaka 1892 mfanyabiashara wa viatu, Aron Salomon, aligeuza biashara yake kuwa kampuni, wenye hisa wakawa yeye, mke wake na watoto wao watano. Kampuni ikafilisika, likaja swali kama Salomon mwenyewe anapaswa kubeba madeni ya kampuni. Kesi ikapanda mpaka mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ya wakati ule, na mwaka 1896 ikaamuliwa kwamba kampuni ni mtu mwingine kabisa mbele ya sheria, hata kama wenye hisa wote wanakula meza moja. Yaani kuna ukuta kati yako na kampuni, na ule ukuta unazuia pande zote mbili, deni la kampuni haliji kwako lakini na hela ya kampuni siyo yako ya kuchota, unaipata kwa mshahara au kwa gawio, ile faida wanayogawana wenye hisa. Na kama biashara ya nyumbani haijasajiliwa kama kampuni basi hakuna ukuta, deni la duka ni deni la mwenye duka, mdai anaweza kufuata mpaka nyumba. Pia mzee akisaini udhamini binafsi benki, yaani kuahidi atalipa yeye mwenyewe kampuni ikishindwa, ili kampuni ikopeshwe, ukuta ameutoboa mwenyewe. Mjue nyumba yenu iko upande gani, wengi mnakaa ndani yake na hamjui.

Nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, kazi mnazofanya bila kulipwa.

Mtoto akiwa mdogo kusaidia dukani ni malezi, hapo sina neno, anajifunza kuongea na watu wazima, anajifunza kukataliwa na mteja bila kununa, vitu ambavyo darasani hafundishwi. Lakini mtu ana umri wa kuoa, anafungua asubuhi na kufunga usiku, na akiuliza habari ya mshahara anaambiwa "si vyote ni vyako". Wanangu, hiyo "vyote ni vyako" muiogope, maana mzee anaisema kwa upendo kabisa na anamaanisha, ila wewe mkononi huna kitu, huwezi kupanga chumba, huwezi kuweka akiba, kila ukitaka viatu unaomba kama mtoto. Baadae unaanza kujilipa mwenyewe kimyakimya kutoka droo, kidogo kidogo, na kwenye roho yako huoni kama ni wizi maana kazi umefanya. Mzee akigundua anaona ana mwizi ndani ya nyumba. Nimeona baba na mtoto hawasalimiani kwa jambo hili, na wote wawili walikuwa na haki. Mshahara ungetajwa toka mwanzo, hata mdogo, wa kueleweka, na ukaandikwa kwenye daftari kama wa mfanyakazi mwingine yeyote, wale watu wangekuwa wanaongea mpaka kesho.

Halafu kuna ndugu. Yule aliyebaki dukani anaona amejenga kila kitu, yule aliyeenda kusoma au kuajiriwa anaona ni mali ya wazazi kwa hiyo tugawane sawa kwa sawa, na ukiwasikiliza mmoja mmoja kila mmoja anakuingia akilini. Adolf na Rudolf Dassler wa Herzogenaurach, Ujerumani, walikuwa ndugu tumbo moja, kazi ya viatu vya michezo ilianzia kwenye chumba cha kufulia cha mama yao, ikakua ikawa kiwanda. Mwaka 1948 wakaachana, Rudolf akaanzisha Puma na Adolf akasajili Adidas mwaka 1949, mji mmoja ule ule, na uhasama wao ukaingia mpaka kwa wakazi wa mji. Watasema lakini wote wawili walitajirika, sawa, walitajirika, ila mimi nikisoma habari zao nawaza yule mama mwenye chumba cha kufulia.

Wosia je? Dhirubhai Ambani wa India, mwanzilishi wa kampuni kubwa ya Reliance, alifariki mwaka 2002 bila kuacha wosia. Watoto wake wa kiume Mukesh na Anil wakagombana hadharani mpaka mama yao Kokilaben akaingilia kati, mwaka 2005 biashara ikagawanywa. Kama nyumba yenye wanasheria wote wale ilifika huko, sisi wenye fremu na daftari tunasubiri nini?

Wazazi mnaosoma hii na nyie nina neno kwenu, maana najua watoto watawaonyesha. Mkimpa mtoto cheo mpeni na sauti. Henry Ford, yule wa magari ya Ford kule Marekani, alimkalisha mtoto wake Edsel kwenye kiti cha urais wa kampuni mwaka 1919, lakini akaendelea kumpindua maamuzi yake mbele ya watu. Edsel aliona mapema kwamba gari lao la Model T limechoka na soko linataka gari jipya, baba akashikilia mpaka mwaka 1927 ndo uzalishaji ukasimama, na kipindi hicho washindani walikuwa wameshasogea mbele. Edsel alifariki mwaka 1943, baba yake bado yupo hai. Ukimwambia mfanyakazi "mwanangu ndo bosi sasa" halafu jioni yule mfanyakazi anakupigia wewe kuuliza punguzo atoe kiasi gani, na wewe unamjibu, basi hujamkabidhi mtu kitu.

Na wewe ambaye moyo wako haupo kwenye hii biashara kabisa, sema. Usikae miaka unafungua duka na sura ya msiba. Hakuna dhambi kutaka kuwa muuguzi au fundi au mwalimu, kazi ya wazazi ilikusomesha ili uwe na uchaguzi. Ila sema mapema wazazi wakiwa na nguvu za kutafuta mtu mwingine wa kushika, mpwa, mkwe, hata mfanyakazi wa siku nyingi. Kongo Gumi ya Japani, wajenzi wa mahekalu walioanza mwaka 578, ilikuwa kawaida yao mkwe kuingia na kuchukua jina la familia kama hakuna mtoto wa kiume wa kuendesha, na walifika mpaka mwaka 2006 ndo madeni yakawashinda kampuni ikachukuliwa na nyingine. Kwa hiyo msidhani ukiondoka wewe ndo mwisho.

Sasa mfanye nini. Mimi ningeanza na madeni kabla ya mali. Kwenye biashara zetu mambo mengi yako kichwani kwa mzee, nani tumemchukulia mali kauli, nani tunamdai, tulikubaliana nini kwa mdomo na mwenye fremu, na mzee akiondoka ghafla wanaotudai wanakuja wote, mpaka ambao hamjawahi kuwaona, ila tunaowadai wanapotea. Muulizeni leseni iko kwa jina la nani, mkataba wa pango kwa jina la nani, akaunti ya benki nani mwingine anaweza kusaini, hela iliyo kwenye laini ya simu ya biashara itatolewaje kama yeye hayupo.

Najua mtaniambia "mama, nikiuliza hivyo mzee ataona namuombea kifo". Ni kweli, nyumba nyingi swali hili linasikika hivyo, na anaweza kununa wiki nzima. Kwa hiyo usiulize siku ya ugomvi wala siku umeenda kuomba hela. Nenda siku mnahesabu mzigo pamoja, muanzie kwa deni moja tu, "baba, yule saplaya wa juzi tulibakiza kiasi gani, nikiandike?" Akijibu andika mbele yake na tarehe, msomee, mwache asahihishe. Siku nyingine lingine. Mzee akizoea kuona kwamba unachouliza kinaandikwa vizuri na hela haipungui, kuna siku atakuita mwenyewe akuonyeshe hati ziko wapi, na siku hiyo muombe dada yako na kaka yako nao wawepo, hata kwa simu, wasikie kwa mdomo wake wote kwa pamoja.