Ucha Mungu hauishii kwenye msala

Mhariri,

Makala mliyoichapisha hivi karibuni ilidai kwamba ucha Mungu ni siri ya mja na Mola wake, na kwamba jirani hana fungu humo. Sikatai kwamba nia hukaa moyoni, ila wanafalsafa wa Kiislamu walilitazama jambo hili kwa upana zaidi.

Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, aliufananisha mji mwema na mwili wenye afya, ambao viungo vyake husaidiana huku moyo ukiongoza, akaeleza kuwa saada, yaani heri kamili ya mwanadamu, haifikiwi na mtu aliye peke yake. Anayenigusa zaidi ni Miskawayh, aliyefariki mwaka 1030. Yeye analirejesha neno la Kiarabu insani, yaani mwanadamu, kwenye uns, yaani kuzoeana na kupendana, wala si kwenye nisyan, yaani kusahau, kama wengine walivyodai. Aliyejitenga pangoni, kwa maoni yake, hawezi kuitwa mkarimu wala mwadilifu, kwa kuwa hana wa kumpa wala wa kumtendea haki. Ndiyo maana, anasema, sala tano huwakutanisha watu wa mtaa kila siku, Ijumaa ikawakutanisha watu wa mji, Idi ikawaongeza wa vijiji vya karibu, na Hija ikawakusanya walio mbali, ili mazoea hayo yazae mapenzi.

Nayaandika haya kwa uchungu. Katika msikiti ninaosali, mzee mmoja aliyezoea kusimama karibu na nguzo, safu ya kwanza, alikosekana siku tisa. Kila sala tulisogea tukaliziba pengo lake, bega kwa bega kama tulivyofundishwa, na hakuna aliyeuliza, mimi nikiwemo. Kumbe alikuwa hoi kitandani, akiletewa maji na mtoto wa jirani. Siku niliyoambiwa, Sura ya Al-Maun, ambayo nimeihifadhi tangu utotoni, ilinijia upya: inawaonya wanaosali kwa kujionyesha huku wakinyima hata msaada mdogo. Sisi hatukumnyima mzee kitu alichokiomba. Hatukumfikia hata akapata nafasi ya kuomba.

Sasa, baada ya sala ya alfajiri, tunaangalia nani hayupo, na mmoja wetu anakwenda kubisha hodi kwake kabla jua halijapanda.

Msomaji wenu