Risala ya Wanafunzi wa Udaktari kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Stadi za Awali za Upasuaji

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mganga Mkuu wa Mkoa,
Mkuu wa Shule Kuu ya Tiba,
Wahadhiri wetu wa Idara ya Upasuaji,
Wauguzi wa chumba cha upasuaji,
Wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe kwa kuitikia mwaliko wetu siku ya Jumamosi, maana tunajua simu za hospitali za wilaya hazijui mwisho wa wiki.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kabla ya kuketi umepitishwa kwenye meza zetu. Umeona maganda ya ndizi yaliyoshonwa, miguu ya mbuzi kutoka buchani na nyuzi zilizofungwa kwenye miguu ya viti. Hayo si maonyesho ya leo tu, ndivyo tunavyojifunza kila wiki. Ganda la ndizi halina huruma: ukivuta uzi kwa pupa linachanika papo hapo. Anayelimudu ndiye anayesogea kwenye mguu wa mbuzi. Huko ngozi ni ngumu, sindano inatakiwa iingie wima, kisha kiganja kizunguke kufuata mviringo wa sindano yenyewe. Anayeisukuma kwa kuinyoosha huipinda, na sindano zetu si nyingi.

Waliotutangulia walifundishwa somo hili kwa kutazama. Kundi zima lilizunguka meza moja, mhadhiri akafunga fundo, wa mbele wakaona mikono yake na wa nyuma wakaona migongo ya wenzao. Madaktari wana msemo wao wa zamani: ona moja, fanya moja, fundisha mmoja. Sisi tunauheshimu, lakini hiyo moja ya kufanya mara nyingi ilikuwa ngozi ya mgonjwa, tena usiku, daktari tarajali akiwa peke yake na mkubwa wake yuko njiani.

Ndiyo maana tumeipokea kwa mikono miwili njia mseto ya kufundishia. Mwanafunzi hupewa video fupi za kutazama kwenye simu kabla ya kipindi: kunawa mikono, kuvaa glovu bila kuzichafua, kushika koleo la sindano, kufunga fundo kwa mikono miwili. Hujibu maswali machache, ndipo huingia chumba cha mazoezi. Humo hakuna mhadhara. Saa yote ni ya mikono, mhadhiri akipita meza hadi meza. Mwishoni mwa muhula kuna mtihani wa vituo, na kila kituo kina orodha ya hatua ambazo msahihishaji huzitia tiki.

Faida ya video ni kwamba hairudii kwa kununa. Fundo lisiloshika huwa limefungwa mara mbili kwa upande uleule, kosa ambalo jicho halilioni kwa mwendo wa kawaida. Kwenye simu unapunguza kasi, unarudisha nyuma, unaliona. Wenzetu wanaotumia mkono wa kushoto ndio waliotaabika, kwa kuwa karibu video zote ni za mkono wa kulia. Walianza kuzitazama kupitia kioo, na mambo yakakaa sawa.

Hata hivyo tusidanganyane, mheshimiwa. Video haijui umekaza kiasi gani. Kila siku wahadhiri wetu wanatuambia kingo za kidonda zigusane, zisinyongwe, maana uzi uliokazwa mno huinyima ngozi damu na kidonda hufumuka. Hilo tumelielewa pale tu mhadhiri alipolegeza uzi wetu kwa kidole chake. Kwa hiyo anayedhani njia hii itapunguza idadi ya walimu atakuwa amekosea hesabu. Inachookoa ni muda wao, ili wautumie kusahihisha mikono yetu.

Na uhitaji si mdogo. Mwaka 2015 Tume ya upasuaji duniani ya jarida la kitabibu la Lancet ilieleza kuwa watu bilioni 5 hawapati upasuaji na huduma ya dawa ya usingizi iliyo salama na wanayoimudu, na kwamba unahitajika upasuaji mwingine milioni 143 kila mwaka. Ilipendekeza kila nchi iwe na angalau wataalamu 20 wa upasuaji, usingizi na uzazi kwa kila watu 100,000. Tanzania iko mbali na kiwango hicho, na wewe unayepanga zamu za mkoa huu unalijua hilo kuliko sisi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tuna maombi. La kwanza ni nyuzi. Kwenye stoo za hospitali hupatikana nyuzi zilizopita muda wake zikisubiri kuteketezwa. Tunaomba utuongoze katika taratibu za kuzipata kwa mazoezi tu, zikiwa zimewekwa alama na kuandikwa kwenye daftari, ili hata moja isirudi wodini. Vivyo hivyo kwa makoleo na mikasi iliyoondolewa kwenye matumizi.

La pili ni intaneti. Mtandao wa chuo unaishia maktaba. Bwenini kila mtu anajitegemea kwa bando, na mwenye bando dogo hufika darasani hajatazama kitu. Kwa sasa tunarushiana video kwa simu au kwa flashi. Tungepata kompyuta moja ya kuhifadhia video zote hapa chumbani, tatizo hili lingeisha hata bila mtandao.

La mwisho halihitaji fedha. Tunapokuja kwenye hospitali zako, tunaomba madaktari wako watuulize tumeshajaribu nini kabla ya kutukabidhi sindano, na wasituache tukiwa peke yetu mara ya kwanza.

Tunakukaribisha uzungumze nasi. Naomba kuwasilisha.

Katibu,
kwa niaba ya wanafunzi wa udaktari