Taa za perovskaiti si za kunyunyizia kemikali tu

Ndugu Mhariri,

Ni msomaji wenu wa miaka mingi na sijawahi kuwaandikia. Lakini ile habari yenu ya taa mpya za perovskaiti (aina ya fuwele zinazotoa mwanga umeme ukipita), iliyosema watafiti wameongeza kemikali kidogo na tatizo la ufanisi mdogo likaisha, imenishinda kuinyamazia.

Kemikali ipi? Kiasi gani? Mwandishi wenu hakugusa. Taa hizo za mwanga wa kijani huweza kutengenezwa kwa kuyeyusha bromidi ya risasi (ile metali) na bromidi ya methiliamonia, kisha kumwaga kwenye kioo kinachozungushwa kwa kasi mpaka ubaki utando mwembamba mno. Tandika mia moja, hujafikia unene wa unywele. Vikichanganywa sawa kwa sawa, hubaki atomu za risasi zisizoshikana na kitu, nazo hugeuza nishati kuwa joto badala ya mwanga. Mwaka 2015 watafiti wa Korea Kusini walipandisha bromidi ya methiliamonia hadi 1.05 kwa 1 ya bromidi ya risasi, wakadhibiti na ukubwa wa chembe, ufanisi ukafika asilimia 8.53. Mwaka uliotangulia, taa za Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, zilikuwa hazijafika hata asilimia moja. Mwaka 2018, kwa kiongezi kiitwacho asidi ya aminovaleriki, taa moja ilifika asilimia 20.7, tena ya mwanga wa infraredi ambao jicho halioni. Hilo nalo mliliacha, mkaweka picha ya sebule inang'aa!

Halafu hiyo asilimia 20 mkaieleza kana kwamba ni sehemu ya umeme inayogeuka mwanga. Sivyo. Ni fotoni, yaani chembe za mwanga, zinazotoka nje kwa kila elektroni 100 zinazoingia; nyingine nyingi huzaliwa humo ndani zikanaswa kwenye kioo na tando. Na kiongezi si chumvi ya mchuzi kwamba ukizidisha utaongeza maji. Molekuli zake ndefu hufunika chembe na kuzuia umeme kupita, volti inapanda, utando unapata joto. Ukipunguza, matundu yanabaki na umeme unapita humo bila kutoa mwanga. Hata ukipatia kipimo, ayoni (atomu zenye chaji) za bromidi hutembea ndani ya utando taa ikiwaka, na za buluu, zenye klorini na bromini pamoja, hubadilika rangi zikiwaka. Unyevu ndio kabisa: kazi hufanyika ndani ya kisanduku cha naitrojeni, na taa isipozibwa vizuri huharibika. Sisi wa Mtwara tunaohangaika kukausha korosho tunaujua unyevu, hatuhitaji kuhadithiwa.

Matokeo yake, juzi muuzaji mmoja karibu na stendi alikuwa akimwonyesha mama wa watu ukurasa wenu kwenye simu, akimuuzia balbu ya kawaida ya LED kwa bei ya kuruka, eti ndiyo hiyo ya perovskaiti. Na hizo balbu za kawaida zenyewe! Boksi linasema wati 15, ukipima unakuta 7. Inapozima, pengine LED ni nzima; kilichokufa ni kapasita, kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme ndani ya kitako, imepikwa na joto kwa sababu aliyeitengeneza alibana alumini ya kutoa joto. Mkiandika hilo mtasaidia watu wengi kuliko kuandika maajabu ya maabara. Mwulizeni pia mwandishi wenu risasi itakwenda wapi taa hizo zikitupwa jalalani, maana bromidi yake huyeyuka kwenye maji.

Nashauri hivi. Habari yoyote ya taa mpya iwe na mambo matatu: rangi ya mwanga, saa ngapi mpaka mwanga ushuke nusu ukianzia mng'ao gani, na imezibwa kwa kitu gani. Kama ni kazi kubwa, mwandishi atafute kipande kimoja kisichozibwa, akiweke dirishani hapa Mikindani mwezi Januari, dirisha wazi, kuanzia Jumatatu. Ijumaa akiwashe, ndipo aandike.

Mwalimu mstaafu wa kemia,
Mikindani, Mtwara