Santuri ya X-Ray Spex imerudi madukani

Kwako shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka London. Sisi huku wazima, ila baridi imeanza kuuma. Natumai mama na wadogo hawajambo.

Nina habari ya kukupa. Ile albamu ya kwanza ya X-Ray Spex, kundi la muziki wa punk (roki ya fujo na kelele) la hapa London, iitwayo Germfree Adolescents, imetolewa upya kwa santuri, na ninayo hapa mezani. Nakala za mwaka 1978 zimeshikwa na wakusanyaji na bei yake haishikiki. Hii mpya hata sisi tunaimudu.

Kwenye simu jalada lake nilikuwa naliona dogo kama stempu. Sasa nimelishika kwa mikono miwili: wapigaji wote wamefungiwa ndani ya mirija mikubwa ya kioo ya maabara, mmoja mmoja, kama vijidudu vinavyochunguzwa. Na sauti nayo! Ile saksafoni iliyokuwa ikinikwaruza masikio sasa imekaa mahali pake, inajibizana na gitaa la Jak Airport, na besi ya Paul Dean inatembea chini yao bila kuchoka.

Lakini ninayetaka umsikilize ni Poly Styrene, mwimbaji wao. Jina alilozaliwa nalo ni Marianne Elliott-Said, baba yake Msomali, mama yake mzungu wa huku. Alizaliwa Bromley mwaka 1957, akakulia Brixton, enzi ambazo mtoto chotara alitukanwa mchana kweupe na hakuna aliyeshtuka. Siku alipotimiza miaka 19 aliwaona Sex Pistols, kundi jingine la punk, wakipiga katika mji wa Hastings, na baada ya hapo akaweka tangazo gazetini kutafuta vijana wa kuunda kundi. Jina la jukwaani alilichomoa kwenye kitabu cha simu, maana alitaka kitu cha plastiki, na polystyrene ni aina ya plastiki.

Huyu binti habembelezi mtu, Rehema. Anaipaza sauti mpaka unahisi itapasuka, na bado kila neno unalisikia. Alipanda jukwaani na vyuma vyake vya meno, na nguo alizojichagulia mwenyewe. Alisema kwamba wakijaribu kumgeuza pambo la kutamaniwa na wanaume atanyoa kipara, na baadaye akanyoa kweli. Mwaka 1978, Aprili 30, aliimba kwenye bustani ya Victoria Park hapa London pamoja na makundi ya The Clash na Steel Pulse, mbele ya maelfu ya watu waliokuja kupinga ubaguzi wa rangi.

Mimi nasema albamu hii inaipita ya Sex Pistols, na kwa hilo nitabishana na yeyote. Wale walimkasirikia malkia. Huyu aliimba mambo yanayotugusa kila siku: maduka, matangazo, mifuko ya plastiki, msichana anayejitazama kwenye kioo asijue anamwona nani. Wimbo uliobeba jina la albamu unakwenda taratibu, unamhusu msichana asiyeacha kupiga mswaki kwa kuogopa vijidudu. Utafikiri umeandikwa juzi. Wimbo wao wa kwanza wa 1977, ule unaoujua, Oh Bondage Up Yours!, haukuwamo kwenye albamu ya awali, kwa hiyo usiutafute humo.

Inaniuma kwamba hawakupata nafasi ya kuendelea. Poly aliugua maradhi ya akili, madaktari wakasema ni skizofrenia, na miaka mingi ikapita kabla hawajagundua kuwa ni baipola. Aliondoka mwaka 1979, kundi likafa. Saratani ilimchukua 2011, akiwa na miaka 53. Binti yake, Celeste Bell, ameshiriki kutengeneza filamu kuhusu maisha yake, ilitoka 2021. Ukiipata, itazame na wadogo zako.

Nakala yako nimeshainunua. Binamu yangu anakuja Tanga mwezi ujao, nimemwambia aibebe mkononi, isikandamizwe na masanduku. Ikifika usiiache juani, santuri hupinda upesi. Mjomba bado anayo ile pleya yake? Mwombe abadilishe sindano kwanza, ile ya zamani itaikwaruza. Ukishaisikiliza pande zote mbili, niandikie wimbo gani umekukaa kichwani. Wangu ni Identity.

Nisalimie wote nyumbani.

Akupendaye,
Zuhura