Vijana wangu wa kikundi cha Biblia, msiyaruke yale matambaa

Hamjambo wanangu. Tangu ile siku mliyobishana kuhusu wale samaki 153 ambao wanafunzi wa Yesu waliwavua, wengine mkisema namba hiyo inaficha mwaka wa mwisho wa dunia, nimekuwa na hili jambo moyoni, sikutaka kuongea pale pale maana wengine mlishapandisha sauti, nikaona bora niwaandikie wote kwa pamoja.

Kwanza nilifurahi sana. Mtu anayefika Yohana 21 akasimama na kuuliza mbona hawa samaki wamehesabiwa, huyo anasoma kweli. Na si nyie wa kwanza, hata Agostino, yule mwalimu wa kanisa la zamani, aliikalia namba hiyo hiyo, akaona ukijumlisha kuanzia 1 mpaka 17 unapata 153, na hiyo 17 akaiona ni amri 10 pamoja na vipawa 7 vya Roho. Ni tafakari nzuri, mi siikatai. Ila kutoka hapo kwenda kusema namba hiyo inatupa mwaka wa mwisho wa dunia, hapana wanangu, Bwana mwenyewe alishasema siku ile hakuna aijuaye.

Ninachowaomba ni hiki, kabla hujatafuta siri iliyofichwa ndani ya kitu kidogo, angalia kwanza hicho kitu kinafanya kazi gani pale kilipo.

Chukueni Yeremia 38. Nabii katupwa kwenye shimo, maji hamna, ni matope tupu na anazama. Ebedmeleki Mkushi, mtu wa nyumba ya mfalme, anaenda kumwombea kwa mfalme Sedekia, anapewa ruhusa na watu 30 wa kumsaidia. Sasa hapo mtu angekimbia na kamba moja kwa moja, si ndiyo? Yeye anapitia kwanza nyumba ya mfalme, chini ya hazina, anaokota matambaa makuukuu na nguo zilizochakaa, anamshushia Yeremia kwa kamba anamwambia ayaweke kwapani, kamba ipite juu yake. Yaani huyu mtu alifikiria ngozi ya mwenzake!! Alijua mwili uliokaa kwenye matope ukivutwa na kamba tupu utachubuka. Nimesikia watu wakisema matambaa ni dhambi zetu na kamba ni neema, sawa, lakini ukikimbilia huko haraka unaukosa upendo wenyewe uliolala pale wazi kabisa. Kuna kumwokoa mtu, na kuna kumwokoa bila kumuumiza. Hilo limenifundisha jinsi ya kumwendea mtu aliyeanguka kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia.

Kingine ni Mwanzo 35:8. Debora, mlezi wa Rebeka, anakufa, anazikwa chini ya mwaloni karibu na Betheli na mti unaitwa Alon-bakuthi, mwaloni wa kilio. Mstari mmoja tu. Rudini Mwanzo 24:59, Rebeka anaondoka kwao kwenda kuolewa na mlezi wake anaondoka naye, hana hata jina. Jina tunalipata siku ya kuzikwa, na kifo cha Rebeka mwenyewe hatusimuliwi. Mwaka niliomzika mke wangu nilisoma mstari huo nikafunga kitabu nikalia, maana niliona Mungu anakumbuka mpaka machozi ya nyumba moja kwa ajili ya mama mlezi. Sikuhitaji hesabu yoyote pale.

Na niwaambie kosa langu pia. Miaka mingi nilifundisha kwamba kuhani mkuu alifungwa kamba mguuni akiingia patakatifu, ili akifa avutwe nje. Niliipokea kwa wengine nikaipitisha. Siku moja kijana akaniuliza mzee ni mstari gani, nikatafuta Kutoka 28 nikakuta njuga na makomamanga kwenye pindo la vazi, kamba ya mguuni hakuna, Biblia nzima haimo. Niliumia kwa sababu watu waliniamini. Kwa hiyo mkiletewa maelezo matamu kwenye simu, kwanza ulizeni mstari.

Tukikutana tena njooni mmeisoma Warumi 16 yote, majina yote, msiruke hata moja. Mwangalieni Tertio mwenye mkono ulioandika barua hiyo ya Paulo. Halafu mkae na ule mstari wa 13, mama yake Rufo, ambaye Paulo anasema ni mama yake pia, mniambie mnadhani yule mama alimfanyia Paulo nini.

Mzee wenu