Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mbio za Kupokezana za Vijana wa Cree, kutoka Chisasibi hadi Mistissini

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka kabla ya mkutano mkuu. Sehemu kubwa ya taarifa hii inahusu kazi moja iliyotuchukulia nguvu kuliko nyingine zote, nayo ni kusaidia maandalizi ya mbio ndefu za kupokezana za vijana wa Cree, mojawapo ya mataifa ya wenyeji asilia wa Kanada, katika Eeyou Istchee, ardhi yao ya jadi kaskazini mwa jimbo la Quebec. Mazoezi ya Jumamosi, mashindano ya mjini Montréal na sherehe za familia vilikwenda kama ilivyo kawaida, na kwa kuwa katibu ameyaeleza hayo katika taarifa yake, sitayarudia hapa.

Kwa faida ya wanachama wapya, nieleze kwanza nafasi yetu ilikuwa ipi. Wengi wetu tulifika Quebec tukitokea Kongo, Burundi, Rwanda, Kenya na Tanzania, na kilichotukutanisha ni kukimbia na Kiswahili. Mbio hizi hatukuzianzisha sisi. Zilibuniwa na vijana wa Cree wenyewe kwa ushauri wa wazee wao, nasi tulialikwa kwa sababu tulikwisha kupata uzoefu wa kugawa vipande vya njia, kupanga magari ya kufuatana na wakimbiaji, na kulisha watu wengi mahali pasipo na duka. Uamuzi wa tarehe, njia, nani akimbie na nani aseme neno pale mbio zinapopokelewa ulibaki mikononi mwao tangu mwanzo hadi mwisho, na naomba hilo liwe msingi wa kusoma yote yanayofuata.

Njia iliyochaguliwa ilianzia Chisasibi, kwenye pwani ya Ghuba ya James, ikashika Barabara Kuu ya Billy Diamond kuelekea kusini, kisha ikakunja mashariki kwa barabara iitwayo Route du Nord na kupita jamii ya Nemaska hadi Mistissini, jamii iliyo kando ya ziwa la asili lililo kubwa kuliko yote ya maji baridi katika Quebec. Ni zaidi ya kilomita 800. Wapo kati yetu waliouliza kwa nini isichaguliwe njia fupi yenye lami tupu na hoteli, na jibu walilopewa na vijana lilikuwa kwamba walitaka kuunganisha jamii za pwani na jamii za bara kwa miguu yao. Baada ya jibu hilo hapakuwa na mjadala tena upande wetu.

Barabara yenyewe ina historia ambayo mwanachama anayeendesha gari juu yake anapaswa kuifahamu. Mwaka 1971 serikali ya Quebec, chini ya Waziri Mkuu Robert Bourassa, ilitangaza mradi mkubwa wa mabwawa ya umeme katika eneo la Ghuba ya James bila kuwauliza Wacree, na barabara ya kilomita 620 kutoka Matagami hadi Radisson ilijengwa ili kuuhudumia mradi huo. Wacree walikwenda mahakamani. Mnamo Novemba 1973 Jaji Albert Malouf aliamuru kazi zisimamishwe, lakini haikupita hata wiki mbili kabla Mahakama ya Rufaa haijaruhusu ziendelee. Mwaka 1975 yalitiwa saini Makubaliano ya Ghuba ya James na Quebec ya Kaskazini, na kijana aliyewaongoza Wacree katika mazungumzo hayo alikuwa Billy Diamond wa Waskaganish, ambaye barabara hiyo ilipewa jina lake mwaka 2020. Wacree wa kisiwa cha Fort George, kilicho mlangoni mwa mto La Grande, walihamishiwa Chisasibi ya sasa mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya mto huo kubadilishwa kwa ajili ya mabwawa. Kwa hiyo mtu anapoomba ruhusa ya kupita pale, asidhani anafanya adabu ya mgeni tu. Anafanya jambo ambalo waliojenga barabara hawakulifanya.

Ruhusa hizo ndizo zilizochukua majira yote ya baridi. Kampuni ya maendeleo ya Ghuba ya James, inayosimamia barabara kuu kwa niaba ya serikali, ilihitaji mpango wa usalama, bima na ratiba. Mabaraza ya kila jamii yalihitaji kusikilizwa kwa wakati wake. Zaidi ya hapo, Eeyou Istchee imegawanyika katika maeneo ya uwindaji yapatayo 300, na kila eneo lina mwangalizi wake anayejua wapi pana kambi, wapi dubu wanapita, na wapi familia yake haipendi magari yasimame. Vijana walizungumza na waangalizi hao mmoja baada ya mwingine kwa Kicree, mara nyingi kwa simu na mara nyingine kwa kuwafuata. Sisi tulikaa tukisubiri, na nakiri kwamba wapo wanakamati waliochoka kusubiri. Hata hivyo, matokeo yalionekana barabarani, kwa kuwa karibu kila mahali tulipopiga hema palikuwa na mtu aliyekwisha kujua tunakuja, na pengine amekwisha kupasua kuni.

Tarehe nayo haikuwa jambo la kuchagua kwenye kalenda ya ukutani. Majira ya kuchipua ni ya kuwinda bata bukini: shule hufungwa, ofisi hubaki na watu wachache, na familia nzima huenda porini. Vuli ni ya kuwinda kulungu wakubwa wa kaskazini waitwao moose. Juni na Julai kuna mbu na visubi ambao hawamwachi mkimbiaji hata avute pumzi, na tangu mwaka 2023 kuna hofu nyingine, kwa sababu mwaka huo moto wa misitu ulilazimisha watu kuhama makwao, wa Oujé-Bougoumou wakiwa miongoni mwao, na barabara ikafungwa. Ikabaki mwanzo wa Agosti, kabla ya shule kufunguliwa. Hata hapo tuliandaa mpango wa kuwaondoa wakimbiaji wote kwa saa chache endapo moshi ungetanda, na kila gari lilitembea likiwa na nafasi za kutosha kwa ajili hiyo.

Sasa nije kwenye hesabu ya njia, ambayo ndiyo tuliyoitwa kuifanya. Kilomita 800 zikigawanywa kwa vipande vya kilomita 5 zinatoa mapokezano 160, na kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa ni saa 80 za kukimbia bila kuhesabu kusimama. Tukikimbia saa kumi kwa siku, ni siku nane. Ndivyo tulivyoandika kwenye karatasi. Vijana walituambia kwa upole kwamba karatasi hiyo imesahau watoto wanaotaka kukimbia kilomita moja, mabibi wanaotaka kutembea nusu yake, na siku ya kupumzika Nemaska ambako watu watakuwa wamepika. Ratiba ikaandikwa upya, ikiwa na vipande virefu kwa wenye mazoezi na vifupi karibu na kila makazi, na badala ya kijiti cha uwanjani wakachukua fimbo ambayo haikuruhusiwa kulazwa chini wakati wa mchana.

Kwenye Barabara Kuu ya Billy Diamond tatizo lilikuwa umbali. Kituo cha mafuta cha kutegemewa njiani kiko kilomita ya 381 tu kutoka Matagami, simu za mkononi hazishiki sehemu kubwa ya njia, na simu za dharura ziko mbali moja na nyingine. Tulibeba simu za satelaiti na kuhakikisha hakuna gari linalopita kituo hicho bila kujaza tangi. Route du Nord ni shughuli nyingine kabisa. Ni kilomita 407, sehemu kubwa ni changarawe, na malori ya magogo hupita kwa kasi yakiacha vumbi ambalo humfanya dereva wa nyuma asione kitu. Madereva wa huko hutangaza kilomita waliyopo kwa redio, nasi tukafuata desturi hiyo: gari la mbele likitangaza, la nyuma likifunga njia, na mkimbiaji katikati akiwa amevaa kizibao cha rifleksa hata mchana. Lori likikaribia, mkimbiaji aliingia garini na fimbo yake mpaka vumbi litue, kisha akarudi pale pale alipoachia. Tulipoteza muda mwingi kwa namna hiyo, na ninaunga mkono kila dakika iliyopotea.

Vijana wa Whapmagoostui, jamii ya Cree iliyo kaskazini kuliko zote, walihitaji mpango wa peke yake, kwa kuwa jamii hiyo haina barabara na hufikiwa kwa ndege au kwa maji. Nauli zao hadi Chisasibi zilikuwa gharama kubwa ya pili baada ya mafuta, na kuna mwanachama aliyeuliza kama ilikuwa lazima. Namkumbusha kwamba ni kutoka Whapmagoostui ambako, Januari 2013, vijana sita na kiongozi mmoja wa njia walitoka kwa miguu katika theluji, wakatembea kilomita zipatazo 1,600 hadi Ottawa na kufika mwezi Machi wakiwa na mamia ya watu nyuma yao. Mwaka uliofuata vijana wengine walitembea kilomita 850 kutoka Mistissini hadi Montréal kupinga uchimbaji wa urani katika ardhi yao. Mbio zetu zimezaliwa katika mwenendo huo, na zisingekuwa na maana bila Whapmagoostui.

Hapa niseme neno juu ya pendekezo lililo kwenye ajenda, la kufungua mbio hizi kwa wakimbiaji wa nje wanaolipa ada, ili fedha zipatikane na wanachama wetu nao wapate kukimbia njia nzima. Walioliandika wana nia njema. Mmoja wao alisema katika kikao kwamba tutakuwa tunawapelekea watu wa kaskazini utamaduni wa kukimbia. Kwa heshima zote, Joe Keeper, Mcree wa Manitoba, alimaliza wa nne katika mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, na Alex Decoteau, Mcree wa Saskatchewan, alikimbia fainali ya mita 5,000 katika michezo hiyo hiyo. Kenya ilipeleka timu yake ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1956, na Tanganyika mwaka 1964. Hatuna cha kuwapelekea ila magari, vyombo vya kupikia na mikono yetu. Kamati tendaji inapendekeza wazo hilo likataliwe, na mwanachama akimbie pale tu anapoalikwa na vijana wenyewe, kama ilivyotokea kwa baadhi yetu mwaka huu kwenye vipande vya jioni.

Kuhusu fedha, hesabu kamili ziko kwenye taarifa ya mweka hazina. Michango ya wanachama ilitosha kukodi magari, mabaraza ya jamii yakabeba chakula na malazi ndani ya makazi, na hatudaiwi. Wahudumu wa afya wa Cree waliongozana nasi, wakitumia vituo vya mapumziko kupima sukari kwa watu waliokuja kutazama, jambo lenye uzito mahali ambapo zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya watano ana kisukari. Majeraha yalikuwa ya kawaida: malengelenge, vifundo vya miguu, na kuumwa na wadudu.

Kwa mwaka ujao vijana wamependekeza njia igeuzwe, ianzie Mistissini, na ipite Waskaganish kabla ya kupanda kaskazini. Maana yake ni kilomita nyingine takriban 100 za barabara ya kuingia na kiasi hicho hicho za kutoka, na madereva zaidi. Tunao wanachama wachache mno wenye leseni ya daraja la 4B la kuendesha basi dogo. Kamati imetenga fedha za kulipia mafunzo na mtihani kwa watakaojitolea, na majina yapelekwe kwa katibu kabla ya mkutano mkuu, kwa sababu bima ya magari haiwezi kuombwa bila orodha hiyo.